Sahani ya Nyaga

Juzi ofisini kwetu hapa Meru mjini tuliletewa mtaalamu wa kutufundisha kupumua. Msicheke. Watu wazima, wengine wamekaribia kustaafu, tulipangwa kwenye viti vya plastiki, simu zikazimwa, na kijana mmoja mwenye sauti laini akatuambia tufumbe macho tuifuate pumzi inavyoingia na inavyotoka, eti itatupunguzia msongo wa kazi. Jirani yangu alianza kukoroma kabla hatujaanza vizuri. Mimi nilijitahidi, huku nikicheka kimoyomoyo, mpaka mlango ukafunguliwa na mama wa chai akaingia na beseni lake la nduma, magimbi ya kuchemsha, amelifunika kwa majani ya mgomba kama kawaida yake. Harufu ya jani la mgomba lililopata moto ikanijia. Nilitoka nje nikalia kando ya tangi la maji, na waliponifuata kuniuliza nina nini nikawaambia ni mafua.

Mama yangu tulimzika mwezi uliopita. Nyinyi wa rika langu, mlioanza kuzika wazazi, mnajua kwamba huzuni haipigi hodi. Lakini pale kando ya tangi sikumlilia mama peke yake. Nilimlilia na Nyaga, kaka yangu, na sahani yake.

Kwetu ni juu ya Manyatta, upande wa Embu, ambako mashamba ya majani chai yanashuka hadi kijitoni na kupanda tena ng'ambo. Mama alikuwa akichuma chai. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa majani, na hata Jumapili, akishavisugua kwa limau, weusi ule haukutoka. Baba aliendesha lori. Watoto tulikuwa wawili, Nyaga na mimi niliyemfuata, na kwa sababu yeye ndiye alikuwa wa kwanza, mama aliitwa Mama Nyaga na kijiji kizima. Jina lake la kuzaliwa nililijua nikiwa tayari najua kusoma.

Nyumbani kwetu mtu hakusahauliwa chakula. Waswahili wana msemo wao, asiyekuwepo na lake halipo. Huo haukupanda mlima wetu. Ukichelewa, chako kilipakuliwa pamoja na vya wenzako, kikafunikwa kwa sahani nyingine au jani la mgomba, kikawekwa karibu na mafiga. Nyaga ndiye aliyechelewa kila siku. Alikuwa na kazi nyingi za kipuuzi: kutega panya wa shambani, kuteleza kwenye matope ya kijito, kubishana na watoto wa ng'ambo. Sahani yake ilikuwa ya bati, nyeupe, imebanduka rangi ukingoni, na kipande chake cha nduma kilikuwa lazima kiwe cha katikati, kile kinene. Mama alikuwa akiifunika huku akilalamika kwamba siku moja atampa mbwa. Hakumpa mbwa hata siku moja.

Kisha Nyaga akashikwa na homa ikamkaa kifuani. Mama alimbeba mgongoni hadi barabarani kutafuta gari la hospitali, mvulana mkubwa ambaye miguu yake ilikuwa ikimgonga magotini, na siku chache baadaye alirudi na sweta yake tu. Walimzika kwa babu, chini huko Mbeere, kwenye ardhi ya ukoo wa baba. Mimi niliachwa kwa jirani. Waliniambia kule kuna joto, nitaugua. Kwa hiyo jeneza sikuliona, kaburi sikuliona, nikaambiwa tu kwamba Nyaga amekufa. Nililikariri neno lile kama nilivyokariri mashairi ya shule, bila kujua linaingia wapi.

Watu walipata shida wamwite mama nani. Wengine walisema Mama Nyaga kisha wakauma midomo. Wengine wakaanza kumwita Mama Wawira, kwa jina langu, na wakaniangalia kana kwamba nimepewa zawadi. Nilichukia. Nilihisi nimekalia kiti cha mtu aliyetoka nje kidogo tu.

Mama aliendelea kupika. Alipika, akapakua, akatutazama tukila, na chakula chake akakisogeza kando. Baba alikuwa mtu wa kukimbia uchungu kwa magurudumu; alizidisha safari, na akirudi hakulitaja jina la Nyaga. Mama naye hakutaja jina la kitu chochote. Mifupa ya shingo yake ilianza kuonekana, gauni likamning'inia, na wachumaji wenzake walikuwa wakimjazia kikapu kwa siri ili karani wa kituo cha chai asimseme. Jirani niliyeachwa kwake, akidhani sisikii, alimwambia mumewe kwamba pale kwetu kaburi la pili linachimbwa polepole. Hilo nililielewa. Kila asubuhi nilipoamka nilisikiliza kwanza kama mama anapasua kuni.

Nyuma ya jiko letu tulikuwa na chumba cha mabati, na baba alikuwa amekikodisha kwa fundi aliyekuja kufunga mashine mpya kwenye kiwanda cha chai. Aliitwa Sunil, na alitoka Sri Lanka. Kila mtu alimwita Muhindi. Mwanzoni alieleza kwamba yeye si Muhindi, kwao ni kisiwa, kuna chai kama hii yetu. Watu wakaitikia kwa heshima na kuendelea kumwita Muhindi, mpaka akachoka. Alikuwa mzee mfupi mwenye nywele za kijivu masikioni. Kabla ya kwenda kazini aliketi nje ya mlango wake juu ya mkeka, miguu ameikunja, macho ameyafumba, hatikisiki. Kuku walimzunguka. Siku moja jogoo alimpanda pajani na hakufumbua macho.

Mama alikuwa akimfulia nguo. Asubuhi moja alimpelekea mashati, akasimama pale akimwangalia hadi alipomaliza. Mimi nilikuwa nyuma ya pipa la maji. Walizungumza Kiswahili, kwa sababu Kiembu yeye hakukijua, na Kiingereza cha mama kilikuwa kimeishia darasani. Kiswahili cha mama kilikuwa cha shule, cha Sunil cha kiwandani, wote wawili wakikanyaga kwa uangalifu.

"Hiyo unafanya," mama akamwuliza, "inaondoa uchungu?"

"Haiondoi, mama," akasema. "Uchungu inakaa. Wewe pia unakaa. Unaangalia. Pumzi inakuja, unajua inakuja. Inaenda, unajua inaenda. Uchungu pia, hivyo hivyo."

Mama hakuondoka. Ndipo akamwuliza jambo ambalo hakuwa amemwuliza baba, wala mchungaji, wala mama yake mzazi: sasa yeye ni mama wa nani? Sunil akayakunja upya mashati, moja baada ya jingine. Nilidhani hajaelewa.

"Sijui, mama," akasema mwishowe. "Jina inakuja, jina inaenda. Keti kidogo."

Basi mama akaketi. Alishona gunia kuukuu, akalijaza majani makavu ya mgomba, akaliweka kwenye mlango wa jikoni ulioelekea njia. Kila alfajiri, akishatupikia, kabla ya kuvaa aproni yake ya plastiki ya kuchumia chai, alikalia gunia lile. Jioni nyingine Sunil alimweleza mawili matatu aliyofundishwa na mama yake alipokuwa mtoto, na mimi niliyasikia nikijifanya namenya viazi. Kwamba uchungu uko kila nyumba, si adhabu. Kwamba kila kitu kinachokuja kina kwenda kwake, na sisi tunashika. Alimwonyesha kikombe chake. "Kikombe ya moto ukishika sana, mkono inaungua. Si makosa ya kikombe." Kwamba mtu akimaliza kuketi awatakie wengine amani, mmoja mmoja, waliopo na waliokwenda.

Nami niliona nini? Niliona mama ameketi mlangoni akiielekea njia ya Nyaga, ametega masikio, kimya kabisa. Na kabla hajafumbua macho midomo yake ikasema, Nyaga awe na amani. Jina lenyewe! Jina ambalo hakuna mtu nyumbani aliyelitaja, mama alikuwa akilitamka kila alfajiri. Nilijua mara moja anachofanya. Alikuwa akimwita.

Na mimi nilijua kwamba hilo linawezekana, kwa sababu nilikuwa nimefundishwa. Shule ya Jumapili walikuwa wametusimulia habari za yule binti aliyekufa, watu wakilia, na Yesu akamshika mkono akaamka. Mwalimu wetu alipenda kutuuliza maswali mwishoni. Alipoamka walimpa nini? Chakula! Waliambiwa wafanye nini? Wasimwambie mtu! Nilikuwa nimepata peremende kwa kujibu yote mawili. Wenzangu walisahau, mimi nikashika. Kama mama ndiye mwitaji, basi kazi ya chakula ni yangu, na sharti ni kunyamaza.

Kesho yake nikachukua sahani nyeupe ya Nyaga. Nikaweka nduma yangu, kipande cha katikati, nikaifunika kwa jani la mgomba nililolipitisha juu ya moto lilainike, kama mama alivyokuwa akifanya, nikaiweka sakafuni karibu na goti lake. Macho alikuwa ameyafumba. Nikaenda shule na kikombe cha chai tumboni. Niliporudi alasiri, sahani ilikuwa imeoshwa, imeinamishwa kichanjani.

Haki, sijawahi kuwa na furaha kama ile tena, hata siku ya harusi yangu. Nyaga alikuwa amekuja akala! Nilifanya hivyo kila siku. Kila siku sahani ilikuwa tupu. Njaa ilinisokota darasani, na ilinipendeza, kwa sababu nilijua iko kazini. Nilikuwa nikijiuliza tu kwa nini anakuja nikiwa shuleni, nikaamua kwamba ni ukorofi wake ule ule. Na mama, naye, akaanza kubadilika. Siku moja alinikaripia kwa kuchafua soksi. Siku nyingine nilimsikia akiimba kidogo akichanganya uji. Nikasema, umeona? Anamwona kila siku, ndiyo maana.

Akina mama wa kanisa walikuja. Walikuwa wamesikia habari za mama kuketi na Muhindi. Waliimba, wakaomba, kisha kiongozi wao, Mama Mbogo, mwanamke mwema aliyetuletea unga tangu msiba, akaliangalia lile gunia na kumwuliza mama kwa upole ni nani anayemwita pale. Akasema mtu akiiacha akili wazi ni kama kuacha nyumba bila kufuli, anaweza kuingia yeyote. Nilibana pumzi, nikidhani siri yetu imefichuka. Mama akamjibu kwamba kuomba anaomba, na Jumapili atakuwa kanisani. "Lakini nikimaliza kuomba, Mama Mbogo, bado niko hapa," akasema. Waliondoka na wasiwasi wao. Unga waliacha.

Ijumaa tulitakiwa kwenda shule na fagio. Ijumaa moja nilifika kijitoni nikakumbuka sijabeba, na kwa mwalimu wetu hilo lilikuwa fimbo. Nikageuka mbio. Nilipokunja kona ya jiko nilimwona mama. Ameketi kwenye gunia, sahani ya Nyaga iko pajani, jani limewekwa kando, na anakula.

"Mama! Hicho ni cha Nyaga!"

Alibaki na nduma mdomoni. Hakumeza, hakutema.

"Ni cha Nyaga," nikasema tena. "Ndicho anachokula akija."

Akaiweka sahani chini taratibu, akaimeza ile nduma kwa shida kama anameza jiwe. Alinivuta nisimame mbele yake. Mama aliniita mami, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake mzazi. "Mami," akasema, "siku zote hizi ulikuwa unamwekea Nyaga?" Nikamweleza yote kwa haraka, nikilia, binti aliyefufuliwa, chakula, siri, jinsi nilivyomsikia akiita. Nilimwambia ameharibu kila kitu. Nilimwambia ni mwizi.

"Ni mimi niliyekuwa nakula," akasema. "Nilidhani umeniwekea mimi."

"Kwa hiyo hajawahi kuja?"

"Hajawahi kuja. Na hatakuja."

"Basi unamngojea wa nini?"

Akalipapasa gunia. "Simngojei. Naketi hapa nijifunze kutomngojea," akasema, "na bado sijajua."

Kwa watu wengine Nyaga alikufa hospitalini. Kwangu alikufa asubuhi ile, mlangoni mwa jikoni. Nililia hadi nikatapika chai. Kisha nikaichukua ile sahani yenye nusu ya nduma, nikaifunika, nikaiweka kwenye kona na kumkataza mama asiiguse. Mama mwingine angenichapa. Yeye alisema tu, sawa, na ikae.

Ikakaa. Kila alfajiri alinisogezea nafasi kwenye gunia, niketi naye, kisha tukaifunua pamoja tukaiangalia. Hakunihubiria. Siku ya kwanza nduma ilikuwa imekauka juu na kupasuka. Kisha sisimizi wakaijua njia yake. Kisha ukungu, mwanzoni mweupe kama unga, baadaye wa kijani, na harufu. Jani la mgomba likawa la kahawia, likavunjika nilipoligusa. Nilitaka mama aseme jambo, na mama alikuwa akipumua tu, nami bila kujua nikawa napumua naye. Inaingia. Inatoka. Nduma ya Nyaga inaoza, na hakuna anayekuja kuila.

Sunil alipita akaiona. Alichuchumaa akaitazama bila kukunja pua. Akatuambia kwamba hata kwao mtu akifa wanampikia, siku ya saba, vyakula vizuri alivyovipenda. Lakini hawaviachi vikaharibika. Wanawapa watawa, wanampa mwenye njaa, na wema ule wanamtumia aliyekwenda.

"Anayekufa anapata nini sasa, kama wengine ndio wanakula?" nikamwuliza. Nilikuwa bado nina hasira na kila mtu.

Akafikiri. "Sisi tunasema anapata ile furaha ya kupewa," akasema. "Chakula, mtu hai anapata. Hapa kwenu, nani ana njaa?"

Niligeuka nikamwangalia mama. Tangu Ijumaa ile hakuwa amekula chochote cha maana, na mifupa ya shingo ilikuwa imerudi. Nilikuwa mtoto, lakini hesabu ile haikuwa ngumu. Kile chakula nilichokuwa nikimtumia marehemu ndicho kilichokuwa kikimweka hai yule niliyebaki naye. Nikaenda kumwaga ile nduma iliyooza chini ya mgomba. Nikaiosha sahani kwa majivu. Kesho yake nikapakua kipande cha katikati, nikakifunika, nikangoja mama afumbue macho. Nikamwambia, hiki ni chako. Alikimega, akanipa nusu, tukala tukilia wote wawili, na chumvi haikuhitajika.

Mashine zilipokamilika Sunil alirudi kwao. Aliaga kama mtu anayekwenda sokoni, na hatukusikia habari zake tena. Mama aliendelea kuketi. Aliketi miaka yote, akibadilisha majani ya gunia kila kiangazi, na Jumapili yuko kanisani kiti cha mbele. Kwa kutaka mwenyewe, akajulikana tena kuwa Mama Nyaga. Aliwaambia watu mwenyewe: niiteni hivyo, jina lake siliogopi.

Ugonjwa ulipomlemea nilimleta kwangu Kinoru, hapa Meru, karibu na uwanja wa mpira. Alikuwa hawezi tena kukunja miguu, kwa hiyo aliketi kwenye kiti karibu na dirisha, na siku za mechi kelele za uwanjani zilipoingia ndani nilitaka kufunga madirisha. Akanikataza. Alisema kelele nazo zinakuja na kwenda. Siku za mwisho chakula kilimshinda, lakini niliendelea kumpakulia na kumfunikia, endapo angepata hamu. Asubuhi moja aliiangalia ile sahani, akaniangalia mimi, na ule utani wake wa zamani ukapita machoni.

"Mami, mimi nikienda," akasema, "usiniwekee."

Nilimwahidi. Na jana mchana, Jumamosi, nikachemsha nduma, na mkono wangu ukapakua sahani mbili. Nikaifunika moja kwa jani. Sikuzinduka mpaka nimeshaiweka karibu na kiti chake dirishani. Nikavuta stuli nikaketi kando yake. Sina utulivu wa mama. Nilifikiria bili ya maji, nikafikiria yule kijana wa ofisini, nikafikiria vidole vyake vyeusi. Pumzi ikaja, nikajua imekuja. Ikaenda. Niliketi hadi jani lilipoacha kutoa jasho.

Hakuna aliyekuja. Nikaifunua, nikala. Ilikuwa kipande cha katikati na ilikuwa imepoa, na nililia hadi mwisho wake, lakini sikubakisha.